Vipimo vya Haraka vya Malaria na Utambuzi wa Aina za Vimelea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya, wanafunzi wa maabara na wagonjwa wanaotaka kuelewa kinachosemwa na mistari ya kipimo cha haraka cha malaria, na hasa kile ambacho mistari hiyo haiwezi kusema. Hoja moja inapita katika majibu yote: kipimo hiki hakioni kimelea, bali kinanasa protini. Anayejua ni protini gani inayonaswa na kila mstari, na ni aina gani ya kimelea inayoitengeneza, hatasumbuliwa na mengi ya yale yanayowatatiza watu kuhusu majibu.

Kipimo cha haraka hutafuta nini hasa ndani ya damu?

Hutafuta antijeni, yaani protini zinazotengenezwa na vimelea vya malaria vinapoishi ndani ya chembe nyekundu za damu. Baadhi ya protini hizo hubaki ndani ya kimelea hadi chembe ipasuke, na nyingine humwagwa katika majimaji ya damu wakati kimelea kingali hai.

Inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Vipo vipimo vinavyotafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa wenyewe umezitengeneza dhidi ya malaria. Vipimo hivyo hueleza tu kwamba mtu aliwahi kuambukizwa, pengine miezi au miaka iliyopita, na havifai kuamua kama homa ya leo inatokana na malaria. Kipimo cha haraka kinachotumika kwa mgonjwa kinafanya kinyume chake: kingamwili zimo tayari ndani ya kifaa, zimewekwa na mtengenezaji, na kinachotafutwa ni protini ya kimelea.

Ni aina zipi za vimelea zinazomletea binadamu malaria, na kwa nini tujali tofauti zake?

Aina zinazohesabika kwa kawaida ni tano: Plasmodium falciparum, Plasmodium vivax, Plasmodium ovale, Plasmodium malariae na Plasmodium knowlesi. Wataalamu wa jenetiki wanaigawa ovale katika spishi mbili zinazofanana mno kwa umbo, lakini mgawanyo huo haubadilishi chochote katika usomaji wa kipimo cha haraka.

Tofauti zake ni za maana kwa matibabu. Falciparum ndiyo inayoua zaidi, kwa sababu chembe zilizoambukizwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, zikiwemo za ubongo na kondo la nyuma, na kwa sababu idadi ya vimelea inaweza kupanda upesi sana. Vivax na ovale zina hila nyingine: baadhi ya vimelea hujificha katika ini vikiwa vimelala, kisha huamka baada ya majuma au miezi na kuanzisha homa upya, ingawa mgonjwa hakuumwa tena na mbu. Dawa mseto inayosafisha damu haiwaondoi hao waliolala. Mgonjwa wa vivax au ovale anahitaji nyongeza ya dawa kama primakwini, na kabla ya kupewa ni lazima hali ya kimeng'enya cha G6PD katika damu yake izingatiwe, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kupasua chembe nyekundu za mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya hicho. Malariae hukua polepole, ikikamilisha mzunguko wake kwa saa 72, na inaweza kukaa katika damu kwa miaka mingi bila kelele. Knowlesi hutoka kwa nyani wa Asia ya Kusini-Mashariki na huzaliana kila baada ya saa 24, hivyo mgonjwa anaweza kuzidiwa kwa muda mfupi.

Kwa hiyo jibu la "una malaria" bila kusema ni ipi linatosha kuanzisha matibabu, lakini si mara zote linatosha kuyakamilisha.

Mstari hujitokezaje?

Ndani ya kaseti ya plastiki kuna ukanda mwembamba wa karatasi maalumu ya nitroselulosi. Tone la damu la takribani mikrolita 5, dogo kuliko wengi wanavyotarajia, huwekwa kwenye kishimo chake, na matone kadhaa ya bafa, yaani majimaji maalumu ya kipimo, huwekwa kwenye kishimo cha pili. Bafa hupasua chembe nyekundu ili protini zilizokuwa ndani zitoke, kisha huzisukuma kuelekea upande wa pili wa ukanda. Ukitazama dirisha la kaseti dakika ya kwanza utaona wimbi la wekundu likipanda taratibu na kuacha doa lililotapakaa. Baadaye doa hilo hufifia na sehemu ya nyuma ya karatasi hurudia weupe wake, na hapo ndipo mistari huonekana vizuri.

Njiani protini ya kimelea hukutana na kingamwili zilizofungwa kwenye chembe ndogo mno za dhahabu, ambazo zikiwa nyingi pamoja huonekana kwa rangi ya zambarau au nyekundu iliyokoza. Zinashikana, na mzigo huo huendelea na safari hadi kwenye mstari wa kipimo, ambapo kingamwili nyingine zimepandikizwa kwenye karatasi na haziwezi kusogea. Kingamwili hizo hukamata protini ileile kwa upande wake mwingine. Dhahabu ikirundikana mahali pamoja, rangi hutokea. Kama hakuna protini, dhahabu hupita bila kukamatwa na mstari haujitokezi.

Mstari wa udhibiti, ulioandikwa herufi C, hukamata dhahabu iliyobaki hata kama mgonjwa hana malaria. Kujitokeza kwake kunathibitisha kwamba majimaji yamepita hadi mwisho na kwamba kingamwili zenye dhahabu zimefika. Hakuthibitishi kwamba damu iliwekwa ya kutosha. Mtu aliyeweka bafa peke yake na kusahau damu atauona mstari wa C kama kawaida, na jibu lake litasomeka kuwa hasi.

HRP2, pLDH na aldolase ni nini?

Hizi ndizo protini tatu zinazolengwa na vipimo karibu vyote vilivyomo sokoni, na hapa ndipo utambuzi wa aina unapoanzia.

HRP2 ni protini iliyosheheni asidi amino iitwayo histidini, na kati ya aina tano zilizotajwa hutengenezwa na falciparum peke yake. Kimelea huizalisha kwa wingi na kuimwaga nje ya chembe nyekundu, kwa hiyo hupatikana katika majimaji ya damu hata pale ambapo vimelea vingi vimenata kwenye mishipa midogo na havionekani katika damu ya kidoleni. Muundo wake una vipande vinavyojirudia mara nyingi, hivyo molekuli moja inaweza kushikwa na kingamwili kadhaa kwa pamoja, na hilo huufanya mstari ukolee. Hizi ndizo sababu zilizoifanya HRP2 ipendwe kuliko nyingine tangu vipimo vya haraka vilipoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990.

pLDH ni kimeng'enya ambacho kimelea hukitumia katika hatua ya mwisho ya kuvunja sukari ili kupata nguvu. Kila aina ya kimelea inacho, na binadamu naye ana chake, lakini cha kimelea kimetofautiana na cha binadamu kiasi cha kutosha kwa kingamwili kuvibagua. Uzuri wa pLDH ni kwamba baadhi ya sehemu zake zinafanana katika aina zote za malaria, na nyingine ni za aina moja tu. Mtengenezaji anaweza basi kuchagua kingamwili inayoshika sehemu ya pamoja na kupata mstari wa aina zote, au kingamwili inayoshika sehemu ya vivax pekee, au ya falciparum pekee.

Aldolase nayo ni kimeng'enya cha kuvunja sukari kinachopatikana katika aina zote. Hutumika katika mstari wa aina zote, lakini kwa ujumla unyeti wake, yaani uwezo wa kugundua vimelea vikiwa vichache, ni mdogo kuliko wa pLDH, na kwa maoni yangu haina nafasi kubwa pale ambapo kipimo cha pLDH kilichohakikiwa kinapatikana.

Herufi zilizoandikwa kwenye kaseti zinasomwaje?

Hakuna mpangilio mmoja wa dunia nzima, na hili ni jambo la kulalamikiwa. Kaseti yenye mstari mmoja wa kipimo mara nyingi huwa na herufi C na T tu, na T hiyo kwa kawaida ni HRP2. Maana yake ni kwamba kipimo hicho kinatambua falciparum na basi. Mgonjwa mwenye vivax, malariae au ovale atapata jibu hasi, na jibu hilo ni sahihi kwa swali lililoulizwa na kifaa ingawa si sahihi kwa swali la mgonjwa.

Kaseti zenye mistari miwili ya kipimo ni za namna mbili kuu. Ya kwanza ina Pf na Pan, ambapo Pf hunasa HRP2 na Pan hunasa protini ya aina zote. Mstari wa Pan ukijitokeza peke yake, kwa kawaida mgonjwa ana malaria isiyo falciparum, lakini kifaa hakiwezi kusema kama ni vivax, ovale, malariae au knowlesi. Kutaja aina hapo ni kukisia kwa kutumia mahali mgonjwa alikotoka. Namna ya pili ina Pf na Pv, ambapo mstari wa pili hunasa pLDH ya vivax peke yake. Hiyo huitaja vivax kwa jina, lakini inaweza kuipita malariae au ovale bila kuiona. Zipo pia kaseti za mistari mitatu zinazounganisha Pf, Pv na Pan.

Mpangilio wa mistari kwenye dirisha hutofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, na bidhaa mbili zenye umbo linalofanana zinaweza kuwa zimebadilishana nafasi za Pf na Pan. Kituo kinapopokea shehena mpya, karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi isomwe upya kabla ya mgonjwa wa kwanza, hata kama rangi ya boksi ni ileile.

Mistari ya Pf na Pan ikijitokeza yote miwili, je, mgonjwa ana aina mbili za vimelea?

Si lazima, na mara nyingi sivyo. Falciparum peke yake hutengeneza HRP2 inayowasha Pf na pLDH inayowasha Pan, hivyo mistari miwili ndiyo sura ya kawaida ya falciparum yenye vimelea vingi kiasi. Maambukizi ya mchanganyiko nayo hutoa sura hiyohiyo, na kaseti ya namna hii haiwezi kuyatenganisha.

Hali ni tofauti kwenye kaseti ya Pf na Pv. Pale mistari yote miwili inapojitokeza, mchanganyiko wa falciparum na vivax ndiyo tafsiri ya kwanza, kwa kuwa kila mstari unalenga protini ya aina moja. Hata hivyo falciparum iliyozidi sana wakati mwingine huwasha mstari wa Pv kwa ufifi, kwa hiyo slaidi ya damu ina kazi ya kufanya hapo.

Mstari wa Pf ukijitokeza bila Pan, sababu mbili ndizo za kawaida: vimelea ni vichache na mstari wa Pan, ambao unyeti wake ni mdogo kuliko wa HRP2, haukufikia kiwango cha kuonekana, au mgonjwa alitibiwa karibuni na kinachoonekana ni mabaki ya HRP2.

Je, mstari hafifu una maana ya malaria kidogo?

Hapana. Mstari wowote unaoonekana ndani ya muda uliowekwa, hata uwe mwembamba na wa rangi ya waridi iliyopauka, husomwa kuwa chanya. Ukolevu wa rangi hutegemea wingi wa protini, lakini pia hutegemea ubora wa kifaa, joto la mahali kilikohifadhiwa, kiasi cha damu na muda uliopita. Kipimo hiki hakihesabu vimelea, na hakiwezi kutumika kusema kama ugonjwa ni mkali. Ukali wa malaria huamuliwa kwa dalili za mgonjwa, kama kupoteza fahamu, degedege, kupumua kwa shida au upungufu mkubwa wa damu, pamoja na hesabu ya vimelea kwenye hadubini.

Nimemaliza dawa na ninajisikia vizuri, mbona kipimo bado kinaonyesha malaria?

Kwa sababu HRP2 hukawia katika damu baada ya vimelea kufa, kama moshi unaobaki chumbani baada ya moto kuzimwa. Inaweza kuendelea kuonekana kwa majuma mawili hadi matano, na wakati mwingine zaidi, hasa kwa mtu aliyekuwa na vimelea vingi. Kipimo cha HRP2 kwa hiyo hakifai kufuatilia kama dawa imefanya kazi, na kukirudia siku chache baada ya dozi ni kujitafutia wasiwasi usio na sababu.

pLDH hutoweka mapema zaidi, kwa kawaida ndani ya siku chache tangu vimelea vilipokufa, kwa kuwa ni kimeng'enya cha kimelea kilicho hai. Hata hivyo gametosaiti, yaani vimelea vya jinsia vinavyosubiri kunyonywa na mbu, navyo huizalisha. Baadhi ya dawa huviacha gametosaiti vikiwa hai ilhali mgonjwa ameshapona, na mstari wa pLDH unaweza kubaki kwa sababu hiyo.

Mgonjwa anayerudi na homa ndani ya majuma manne ya matibabu apimwe kwa hadubini, ambayo huonyesha vimelea vyenyewe.

Inawezekanaje kipimo kiwe hasi na mtu awe na malaria?

Njia ni kadhaa. Ya kwanza ni uchache wa vimelea. Vipimo vizuri hutambua falciparum kwa uhakika kuanzia takribani vimelea 100 hadi 200 kwa kila mikrolita ya damu. Vimelea 200 kwa mikrolita ni sawa na chembe nyekundu moja iliyoambukizwa katika kila chembe 25,000, na kwa mtu asiye na kinga idadi iliyo chini ya hapo inaweza kabisa kuleta homa. Aliyepimwa saa chache tangu homa ianze na kupata jibu hasi anastahili kupimwa tena kama homa itaendelea.

Ya pili ni kinyume chake: vimelea kuwa vingi kupita kiasi. HRP2 ikijaa mno, inajaza nafasi za kingamwili zote mbili, zile zenye dhahabu na zile za kwenye mstari, kila upande kwa molekuli zake, na daraja la kuziunganisha halitokei. Mstari huwa hafifu au hukosekana kabisa. Ni tukio la nadra, lakini humpata mgonjwa aliye mahututi, ambaye kumkosea ni hatari zaidi kuliko mwingine yeyote. Maabara inaweza kulitambua kwa kuzimua damu mara 10 na kurudia kipimo: kama tatizo ni hilo, mstari hukolea badala ya kufifia.

Ya tatu ni ujauzito, ambapo falciparum hujikusanya kwenye kondo la nyuma na kuacha vimelea vichache tu katika damu ya kidole. Ya nne ni kwamba aina ya kimelea haimo miongoni mwa zile ambazo kifaa kilitengenezwa kuzitambua. Ya tano imeleta mtikisiko mkubwa kiasi kwamba inastahili jibu lake.

Kufutika kwa jeni za HRP2 kuna maana gani?

Kimelea kinaweza kuishi bila HRP2. Jeni inayoitengeneza iko karibu na ncha ya kromosomu ya 8, na jeni ya protini ndugu yake, HRP3, iko karibu na ncha ya kromosomu ya 13. Maeneo hayo ya ncha hukatika na kupotea kwa urahisi wakati kimelea kinapozaliana. HRP3 inafanana na HRP2 vya kutosha kushikwa na kingamwili zilezile, hivyo kimelea kilichopoteza HRP2 pekee bado kinaweza kuwasha mstari kikiwa kingi. Kilichopoteza zote mbili hakionekani kabisa kwa kipimo cha HRP2, hata damu ijae vimelea.

Ushahidi wa kwanza kutoka kwa wagonjwa ulichapishwa mwaka 2010, ukitokea eneo la Amazon nchini Peru. Baadaye hali hiyo ilidhihirika Afrika, hasa katika Pembe ya Afrika. Eritrea iliona wagonjwa wengi wenye falciparum iliyo wazi kwenye hadubini huku kipimo kikiwa hasi, na mwaka 2016 ikaacha kutegemea vipimo vya HRP2. Ethiopia na Jibuti nazo zimeripoti kiwango kikubwa cha vimelea hivyo.

Jambo linaloumiza hapa ni kwamba kipimo chenyewe husaidia kuvieneza. Mgonjwa mwenye kimelea cha kawaida hugunduliwa na kutibiwa, na aliye na kimelea kilichopoteza jeni huambiwa hana malaria, akarudi nyumbani, na mbu wakaendelea kumnyonya. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadili kipimo pale ambapo majibu hasi ya uongo yanayotokana na kufutika kwa jeni hizo yamezidi asilimia 5 ya wagonjwa wa falciparum wenye dalili. Mbadala uliopo ni mstari wa pLDH ya falciparum au wa aina zote.

Dalili ya kutiliwa shaka kwenye kituo ni hii: kaseti ya Pf na Pan inayowasha Pan peke yake kwa wagonjwa wengi mahali ambapo karibu malaria yote ni falciparum. Kabla ya kuandika kwamba vivax imeingia, slaidi zitazamwe.

Ovale na malariae hutambulika vizuri?

Hutambulika kwa udhaifu. Hakuna mstari unaozitaja kwa majina katika vipimo vya kawaida, hivyo hutegemea mstari wa Pan. Tena aina hizi mbili kwa kawaida hukaa katika damu kwa idadi ndogo, mara nyingi chini ya kiwango ambacho mstari wa Pan hukihitaji, na ovale hasa hukosekana mara kwa mara. Msafiri mwenye homa zinazojirudia, kipimo hasi na historia ya kuishi penye malaria apelekwe kwenye hadubini nzuri au kipimo cha vinasaba cha PCR.

Na knowlesi je?

Mwaka 2004 watafiti waliripoti wagonjwa wengi wa knowlesi huko Kapit, Sarawak, nchini Malesia, ambao awali walidhaniwa kuwa na malariae kwa sababu vimelea hivi viwili hufanana chini ya hadubini. Kwa upande wa vipimo vya haraka, pLDH ya knowlesi inaweza kuwasha mstari wa Pan na pia mstari wa Pv, hivyo mgonjwa akaandikiwa vivax. HRP2 haiitambui. Unyeti wa vipimo kwa knowlesi ni mdogo vimelea vikiwa vichache, na katika maeneo yenye aina hii jibu hasi halipaswi kumaliza uchunguzi.

Je, kipimo huona vimelea vilivyolala katika ini?

Hakioni. Vimelea hivyo havipo katika damu na havizalishi protini za kutosha kukamatwa. Jibu hasi kwa mtu aliyewahi kuugua vivax halina uwezo wa kumhakikishia kwamba homa haitarudi.

Kwa nini wakati mwingine kipimo huonyesha malaria isiyokuwepo?

Sababu ya kwanza imeshaelezwa, nayo ni mabaki ya HRP2. Nyingine ni kingamwili za mgonjwa mwenyewe zinazoweza kuunganisha kingamwili za kifaa bila protini ya kimelea kuwapo. Zile ziitwazo kwa Kiingereza rheumatoid factor, zinazohusishwa na baridi yabisi, zinajulikana kwa hilo, na majibu chanya ya uongo yameripotiwa pia kwa baadhi ya wagonjwa wa malale. Usomaji uliochelewa nao huleta mistari ya uongo, kwani karatasi inapokauka majimaji hurudi nyuma na dhahabu hukwama mahali pasipostahili.

Lipo pia jambo ambalo si kosa la kifaa. Penye maambukizi mengi, watu wazima waliojenga kinga huishi na vimelea vichache bila kuumwa. Mtu kama huyo akipata nimonia au homa ya matumbo, kipimo chake kitakuwa chanya kwa haki, na homa yake itakuwa ya kitu kingine.

Hadubini bado inahitajika?

Inahitajika. Slaidi nene hutumika kutafuta vimelea na kuvihesabu, na slaidi nyembamba iliyopakwa rangi ya Giemsa huonyesha umbo la kila kimelea: gametosaiti za falciparum zilizopinda kama ndizi, chembe zilizovimba zenye vitone vidogo za vivax, mikanda ya malariae inayokatiza chembe kutoka ukingo hadi ukingo. Mtaalamu mzuri huona vimelea kuanzia takribani 50 kwa mikrolita. Udhaifu wake ni kwamba wataalamu wazuri ni wachache, rangi huharibika, na hadubini yenye lenzi chafu ni mbaya kuliko kipimo cha haraka kilichofanywa kwa uangalifu.

Uhifadhi na muda wa kusoma vina athari gani kwa majibu?

Athari kubwa. Kingamwili ni protini, na joto huziharibu. Vipimo vingi hutengenezwa vihimili hadi nyuzi 30 au 40 za Selsiasi kulingana na bidhaa, lakini gari lililoegeshwa juani au stoo yenye paa la bati hupita kiwango hicho bila shida. Mstari wa Pan, ukiwa tayari na unyeti mdogo, huumia mapema kuliko wa HRP2, hivyo kifaa kilichopashwa joto kinaweza kuendelea kukamata falciparum huku kikipoteza aina nyingine zote, bila mtu kugundua.

Pakiti ifunguliwe mgonjwa akiwa ameshaketi, kwa sababu unyevu wa hewa huharibu ukanda. Majibu husomwa baada ya dakika 15 au 20 kulingana na maelezo ya mtengenezaji, na kwa bidhaa nyingi hayasomwi baada ya dakika 30. Mstari wa C usipojitokeza, jibu ni batili hata kama mistari mingine imekolea, na kaseti mpya itumike.

Kipimo kikiwa hasi, je, dawa ya malaria itolewe kama tahadhari?

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria, wa umri wowote, athibitishwe kwa hadubini au kipimo cha haraka kabla ya kutibiwa. Kumpa dawa mseto mtu mwenye jibu hasi kwa mazoea ni kuiacha sababu halisi ya homa iendelee, na kwa mtoto mwenye nimonia kuchelewa huko kunaweza kugharimu uhai.

Mgonjwa mwenye dalili za hatari ni suala jingine. Anapewa rufaa na matibabu ya dharura huku vipimo vikirudiwa, na kama kaseti iliyotumika ilikuwa ya HRP2 pekee, mhudumu aandike hivyo kwenye fomu ya rufaa, ili anayempokea ajue ni aina zipi zilizotafutwa na ni zipi ambazo hazijatafutwa bado.